Ndai Imeshuka Bei, Spea Imekataa Kushuka

Sai ukiwa na mita moja na nusu unaweza ingia Mombasa asubuhi na urudi Malindi jioni ukiendesha Range Rover Sport. Si ya juzi, ni zile za kati ya 2006 na 2010, namba ya KB. Lakini ni Range: ina lile umbo, ina ngozi kwa viti, na ukipita nayo Lamu Road polepole wasee wa boda wanaacha stori wanakutazama. Hiyo ganji ndio ile ile inakununulia Demio safi imetoka tu kwa meli. Msee wa miaka 26 mwenye ameshika doo yake ya kwanza ya maana, ukimwekea hizo mbili mbele achague, unajua tu venye atachagua. Namwelewa. Kupenda kitu kikali si makosa, na hakuna kijana wa Kilifi ama Malindi anafaa kuambiwa ati gari kali ni za watu wa Nyali na Runda.

Ngori iko kwa hesabu. Hiyo Range ikiwa mpya ilikuwa ndai ya karibu mita kumi. Miaka imepita, wenyewe wamebadilika watatu, wanne, bei ya gari imeteremka hadi hapo wewe umeifikia. Kompresa yake haikuteremka. Giaboksi yake haikuteremka, wala ile sensa ndogo kama kidole gumba yenye ikizima gari lote linakataa kupanda gia. Kila spea bado inauzwa kama spea ya gari la mita kumi, juu ndio hilo gari. Ukinunua Range ya mita moja na nusu umenunua matunzo ya gari la mita kumi, na hayo matunzo hakuna yadi itakuandikia kwa risiti.

Hadi huko hizi gari za Ulaya zinakotoka mtumba watu wanazikimbia kwa sababu hiyo hiyo. Japani kila gari la kibinafsi lazima lipite ukaguzi wa serikali unaitwa shaken, mara ya kwanza likiwa na miaka 3, alafu kila baada ya miaka 2. Benz ama BMW ikianza kuzeeka, kuifanya ipite inagharimu, na mwenyewe anaona heri aiuze. Kenya nayo hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingia. So lile linashuka bandarini Mombasa mara nyingi ni la miaka 7, yaani limekuja kwetu umri ule ule mipira inaanza kukauka, plastiki ya injini inaanza kupasuka, na sensa zinaanza kudanganya. Mjapani amefaidi miaka mizuri. Sisi tunapokea miaka ya bili.

Alafu kuna KRA. Ushuru wa forodha 35%. Ekisaizi 35% kwa injini kubwa, petroli inayopita 3,000cc na dizeli inayopita 2,500cc. VAT 16%. Na hizi zinapandiana, kila moja inahesabiwa juu ya ile imetangulia. Gari likithaminiwa mita 1 bandarini, hizo tatu pekee zinalifikisha mita 2.1 na ushee, kabla hata hujalipa ada ndogo ndogo. Ndio maana vijana wengi wa huku hawaagizi. Wananunua mkono wa tatu, wa nne, kutoka yadi ama kwa msee wa Nairobi mwenye ametuma picha kumi kali na hakutuma hata moja ya chini ya gari.

Sasa ongeza Pwani kwa hiyo hesabu, juu doo ya huku haiji kila mwezi. Inakuja na kaskazi. Disemba hadi Machi Malindi na Watamu ziko juu, wageni wamejaa, boti zinatoka kila asubuhi. Agosti inachangamka tena kidogo. Lakini kusi ikiingia na mvua ya Aprili, hoteli kadhaa zinafunga hadi Juni, na msee wa boti, wa safari, wa kukodisha keja, wote wanaishi na akiba. Ndai ya Ulaya haijui msimu. Inakuletea bili ya laki mbili katikati ya Mei, na hiyo Mei huna. Ndio unaziona zimeegeshwa Mayungu na Casuarina, zimefunikwa turubai, zikingoja Disemba. Gari la aina hii likikaa bila kuwashwa ndio linamalizika kabisa. Betri inakufa, mipira inashikana, panya wanakula nyaya.

Kuna ganji nyingine inakuja mara moja kwa maisha, na hii ndio inaniuma zaidi: pesa ya shamba. Kutoka Vipingo hadi Mambrui ardhi ya karibu na bahari inauzwa, wazee wanagawa, kijana anapata mgao wake wote kwa siku moja. Nimewaona vijana wakitoka benki na mita mbili, na wiki hiyo hiyo mita moja na nusu ishaingia kwa gari. Shamba halirudi. Gari, mwaka wa pili, liko juu ya mawe kwa boma, na bado kuna mtu anamdai kijana pesa ya giaboksi. Kama kuna msee anasoma hii na mgao wake bado uko kwa akaunti, mazee, soma hadi mwisho kabla upige simu kwa mtu wa yadi.

Tuanze na hizo Range, juu ndio zinatamanika zaidi. Range Rover Sport ya kwanza, 2005 hadi 2013, na Discovery 3 na Discovery 4, ni ndugu wa damu, chini zinafanana karibu kila kitu. Nyingi hazina springi za chuma. Zimekalia begi nne za mpira zilizojaa upepo, kila gurudumu na yake, na kompresa moja inazijazia. Ndio raha ya hiyo gari: ukiwa barabara ya vumbi na makorongo, wewe unahisi uko kwa sofa. Na ndio mlango wa kwanza wa bili.

Gereji moja ya wazi pale Malindi, chini ya mwarobaini, Discovery 4 nyeusi imelala upande wa nyuma kushoto. Mwenyewe ni kijana wa biashara ya keja za wageni Watamu. Ashabadilisha kompresa kwingine, na hiyo mpya nayo imeanza kulia kama ile ya zamani. Amekuja na ya tatu kwa boksi.

"Fundi, funga tu hii nitoke. Nina wageni wa kuchukua eapoti."

"Tulia mdogo wangu. Ile ya kwanza ilikufa na nini?"

"Si ilizeeka."

"Na ya pili nayo imezeeka kwa miezi miwili?"

Fundi hakugusa boksi. Alichukua chupa ya kupulizia nywele, akaweka maji na Omo, akatingisha. Akaingia chini na tochi ya simu, akapulizia ile begi ya nyuma kushoto, pale chini kabisa ambapo mpira unajikunja. Ilichukua muda. Alafu povu likaanza kutoka, laini, linajijenga polepole kama mate ya mtoto. Akamwita kijana ainame aone mwenyewe.

Hivi ndivyo hiyo kitu inafanya kazi. Begi ikipata mpasuko mdogo, upepo unatoka usiku kucha. Asubuhi gari limelala upande mmoja. Ukiwasha, kompresa inakimbia kujaza. Ukiendesha, bado inajaza, juu bado inavuja. Kompresa hiyo haikuundwa kufanya wira bila kupumzika. Inapata moto, ile dawa ya ndani ya kukausha upepo inalowa maji, ringi ya pistoni inaisha, inadedi. Ukiweka mpya bila kuziba mvujo, umeua mpya pia. Hiyo kompresa ya tatu ilirudi kwa boksi siku hiyo. Kilichotakiwa kilikuwa begi.

Bei? Zinacheza na dola na duka, so chukua hizi kama za kujipangia. Begi moja ya kampuni ya kando, si ya Land Rover wenyewe, jipange na thao 25 hadi 40. Ya Land Rover wenyewe inaweza fika mara mbili ya hiyo. Kompresa, thao 40 hadi 90. Na begi zilizeeka pamoja, so ukibadilisha moja mwaka huu, zile zingine tatu zinakuja nyuma yake. Seti nzima na kompresa na mkono wa fundi, laki mbili inaenda bila kuaga. Wasee wengine wanatoa upepo wote wanaweka springi za chuma. Ni njia halali, na kwa barabara za Ganze na Magarini mimi siwalaumu, bora ifanywe seti kamili na kompyuta ya gari ielezwe, isibaki ikipiga kelele kwa dashibodi milele.

Begi unaweza lipa pole pole. Injini ndio haina huruma. Zile dizeli V6, 2.7 na 3.0, zina ugonjwa unajulikana dunia nzima: beringi za krankishafti zinazunguka mahali hazifai kuzunguka, oili inakatika, na krankishafti yenyewe inaweza kukatika vipande viwili ukiwa barabarani. Hakuna taa inakupa notisi ya maana. Injini ya 2.7 Ford na Peugeot ndio waliiunda pamoja, na kampuni iliruhusu oili ikae zaidi ya km 20,000 kabla ya kumwagwa. Ulaya, kwa baridi na barabara safi, labda. Hapa, kwa joto la Februari na vumbi la Langobaya, mafundi wenye wanazijua wanakuambia mwaga oili kila km 7,000 ama 8,000, na usiweke oili ya dramu ya kupimiwa. Sevisi nzuri ya oili na filta inakula thao 15 hadi 25. Injini ya mtumba, ukiipata nzima, ni nusu mita kwenda juu, na kazi kubwa kwa hizi gari mara nyingi inataka bodi yote inyanyuliwe kutoka kwa chasisi. Uliza ni gereji ngapi kutoka Mtwapa hadi Malindi zina mashine ya kunyanyua bodi ya Discovery, alafu ndio ujue breki-dauni inaenda Mombasa, km 120, na breki-dauni haiendi bure.

Mercedes ni stori nyingine, na kusema ukweli ni stori nafuu kidogo. C-Class ile ya W204, ya 2007 hadi 2014, ndio imejaa huku, C180 na C200. Zinabeba maharusi Malindi, zinabeba wagombea wakati wa kampeni. Injini yake ndogo ya 1.8 iko na kasoro moja ya kusikilizwa kwa masikio: taimingi cheni inalegea na zile gia za juu ya kamshafti zinaliwa. Ukiwasha asubuhi gari likiwa baridi, inatoa mkwaruzo wa chuma sekunde mbili tatu alafu inanyamaza. Muuzaji atakuambia ni kawaida ya Benz. Si kawaida. Cheni ikiruka, vali zinagonga pistoni. Kuirekebisha mapema, cheni na gia zake mbili, ni laki moja ama na nusu hivi kulingana na spea umechagua. Kuirekebisha ikisharuka ni injini.

Hizo W204 pia zinaweza kukuacha kwa paking ya Naivas bila gari kuwa na ugonjwa wowote wa injini. Unaingiza ufunguo, unazungusha, kimya. Hakuna taa, hakuna kelele. Ni ile kufuli ya usukani, iko na mota ndogo ndani, ikichoka gari halikutambui tena kama mwenyewe. Mafundi wa nyaya wenye akili wanaifungua na kuweka kifaa cha kuiigiza, gari linawaka. Fundi asiyejua atakuuzia betri, alafu stata, alafu ufunguo mpya, na bado uko pale pale.

Na kwa zile Benz zenye giaboksi ya gia 5 kuna plagi ya plastiki ubavuni mwa giaboksi, iko na ringi za mpira. Ringi zikizeeka, oili ya giaboksi inapenya kwa nyaya, inapanda nazo taratibu hadi inafika kwa kompyuta ya giaboksi. Plagi ni thao chache tu. Kompyuta ni bei ya pikipiki. Nimeitaja hii juu inaonyesha kitu watu wa hizi gari wanajua na wanunuzi hawajui: bili kubwa nyingi zilianza zikiwa ndogo, na mtu akazilenga.

BMW sitakaa nayo sana. 320i ya F30 ndio kijana anataka, na zile za 2012 hadi mwanzo wa 2015 zina injini ya N20, yenye reli za plastiki zinazoshika taimingi cheni, na hizo reli zinavunjika. Pampu ya maji ni ya umeme, inazima bila kuvuja tone, unaona tu gari limechemka Kibaoni ukienda Mtwapa. Pampu na thamostati, thao 50 kwenda juu. Hadi betri ikibadilishwa lazima kompyuta iambiwe kuna betri mpya, la sivyo inaichaji kama ya zamani na kuiua mapema. Audi A4 za 2.0 za karibu 2009 hadi 2011 zinakunywa oili, ringi za pistoni ziliundwa vibaya tangu kiwandani. Ukiona muuzaji amebeba galoni ya oili kwa buti, uliza.

Kuna adui mwingine msee wa Nairobi hamjui: chumvi. Marekani, Mercedes ilirefusha dhamana ya sabfremu ya nyuma ya W204, ile fremu inashika magurudumu ya nyuma, juu zilikuwa zinaoza kutoka ndani kwa sababu ya chumvi inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi hatuna barafu, lakini kusi ikivuma Silversands kioo cha gari asubuhi unaweza andika jina kwa chumvi. Inaingia kwa plagi za nyaya, inageuza shaba kuwa kijani, na sensa inaanza kutoa jibu la uongo. Inakula kondensa ya ac. Inakula paipu za breki. Kompresa ya Discovery imewekwa chini, karibu na gurudumu la nyuma kushoto, mahali matope na maji yanarukia moja kwa moja.

Wasee wanaosha gari kila siku na bado zinaoza. Cheki maji. Visima vingi vya Watamu na Malindi karibu na bahari vina chumvi, unaijua kwa ulimi. Kuosha chini ya gari na hayo maji ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Tafuta mtu wa kuosha mwenye ana maji ya mfereji, yale ya Baricho, na umwambie apige chini, ndani ya matao ya magurudumu, siyo juu tu kwa kung'arisha. Na hii ya kupiga picha na ndai kwa mchanga wa Mambrui maji yakiwa yamekupwa, iache kabisa.

Sasa spea yenyewe inafikaje? Kwa Toyota, unatembea tu hadi dukani pale Malindi mjini. Kwa Range unapiga simu Mombasa, Mombasa wanapiga Nairobi, Nairobi wako nayo Kirinyaga Road ama wanaagiza Dubai na Uingereza. Ikiwa Nairobi inapanda basi la usiku kama parseli, unaingoja kesho. Ikiwa Uingereza, ni wiki. Na ukipewa ya mtumba iliyotolewa kwa gari lingine, hakuna kurudisha. Spea za kielektroniki usinunue kwa kuangalia picha: namba iliyochapishwa juu yake lazima ifanane na ya kwako, hadi herufi za mwisho, juu gari mbili zenye sura moja zinaweza kuwa na kompyuta mbili tofauti.

Na si kweli ati huku hakuna mafundi. Kuna vijana Malindi na Kilifi mjini wameshika laptop, wana programu za kupima gari, Xentry ya Mercedes na ISTA ya BMW, wanasoma usiku na wanafanya mchana. Mwaka 1970 setilaiti ile iliitwa Uhuru ilirushwa kutoka huku huku, baharini pale Ngomeni. Akili ya mashine iko, kinachokosekana ni vifaa na watu wa kuwalipa hao vijana sawasawa. Msee ananunua gari la mita moja na nusu alafu anabishana na fundi juu ya thao tatu ya kupima na kompyuta. Anaenda kwa wa soo tano mwenye kile kidude cha bluetooth, ambacho kinasoma injini tu. Begi za upepo hakioni. Giaboksi mara nyingi hakioni. Anaambiwa gari liko fiti. Mpe fundi wa kweli doo yake, na mpe kabla hujanunua, siyo baada.

Kama bado unataka, na najua kuna mwenye bado anataka, fanya hivi. Rauka. Mwambie muuzaji utakuja saa kumi na mbili asubuhi na asiwashe gari kabla hujafika, alafu dara boneti. Ikiwa na moto, ashaliwasha, na kuna kelele hataki usikie. Fungua swichi bila kuwasha injini na uangalie dashibodi: taa zote za onyo lazima ziwake kwanza, alafu zizime baada ya injini kushika. Taa ya injini ama ya eabegi isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa. Pima na kompyuta, alafu endesha kutoka Malindi hadi Gede na urudi, alafu upime tena. Makosa yaliyofutwa jana usiku yanaanza kurudi kwa hiyo safari. Kwa Range, ipandishe juu kabisa na uishushe chini kabisa, hesabu ni muda gani inachukua, na kama muuzaji anakubali, iache imeegeshwa usiku mmoja na upime urefu wa kila tao la gurudumu asubuhi. Inua kapeti za miguuni, zikiwa na unyevu maji yanaingia kutoka kwa paa. Toa rekodi ya NTSA kupitia eCitizen uone gari si dhamana ya mkopo wa mtu.

Kwa doo, mimi naamini thuluthi ya pesa yako yote inafaa kubaki kwa akaunti siku unachukua ufunguo. Ukiwa na mita moja na nusu, gari lako ni la mita moja. Hiyo laki tano si akiba ya dharura, ni ya mwaka wa kwanza, na itatumika. Mafuta iko kando: Range ya petroli ya V8 inatembea km 6 hivi kwa lita, so kwenda na kurudi Mombasa ni lita 40, na tulishaona Oktoba 2023 petroli Nairobi ikifika shilingi 217 kwa lita. Tairi za inchi 20 ziko kando. Bima nayo, kampuni nyingi zinakataa kukata bima kubwa kwa gari limepita miaka 15 hivi, so Range ya 2008 ikigongwa na trela pale Takaungu, hasara inaweza kuwa yako yote.

Na kuna njia nyingine haina aibu. Mark X, Crown, Harrier. Ngozi ipo, V6 ipo kwa Mark X, ukimya upo ndani ukifunga kioo, na fundi wa Maweni anaijua akiwa amefumba macho. Inakunywa mafuta, ndio, lakini inakunywa kitu kinauzwa kila petroli stesheni.

Wewe mwenye ushanunua, na bili imekuzidi, usiiache ifie kwa uwanja. Range inayowaka na kutembea ina mnunuzi. Ikizima, watakaokuja ni wale wa kuvunja spea, na bei yao unaijua. Badilisha ile begi inavuja, mwaga oili, iuze msimu ukiwa juu, Disemba, wakati Kilifi imejaa wageni wa mwaka mpya na kuna doo mtaani. Mwambie mnunuzi ukweli wa kila kitu kimefanywa na kila kitu hakijafanywa, na umwekee risiti mezani, za oili, za begi, za kompyuta. Msee mwenye anazijua hizi gari akiona risiti hizo, hakatishi bei kama yule hajaonyeshwa kitu.